Nilimshinda mzee wa watu kwenye poka, sasa meza nzima imeninunia

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wangu wa nne Houston, Texas, ninafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Mwaka jana mwenzangu wa kazini, Mmarekani, alinikaribisha kwake tucheze poka. Wanacheza Ijumaa moja wanaruka moja, watu wanane au tisa. Kila mtu anaingia na dola 100, zikiisha zimeisha. Mwenye nyumba hachukui hata senti, tena anatuchomea nyama. Mchezo ni ule wa Texas: kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa katikati ya meza, tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha moja, na katikati ya hapo watu wanawekeana dau. Nilifundishwa vizuri, nikapenda. Baada ya miezi michache nikamwombea nafasi rafiki yangu Salehe, naye wa kwetu.

Sisi, Mjomba, tumekulia kijiweni. Dhumna, drafti, keram, karata, kote nilikopita mdomo ndio mchezo wenyewe. Ukimfunga mtu unabamiza kete mpaka kahawa inamwagika, unamwambia arudi kwao akafundishwe na mama yake. Kesho yake mnakaa benchi moja kama kawaida. Ndivyo tulivyoingia na kwenye meza ile.

Mambo yalianza kuharibika mwezi wa tisa. Katikati ya meza zilikuwa zimetoka kopa tatu. Mimi nina jozi mbili, kopa sina hata moja. Mama mmoja, nesi, akaweka dola 60. Nikawa naumiza kichwa, asije akawa na kopa mbili mkononi zikatimia tano, maana kopa tano zinashinda jozi mbili. Salehe alishatupa zake mapema. Akaniambia kwa Kiswahili, "Mimi mwenzio nilikuwa na kopa mbili, nimezitupa." Nikalipa. Kumbe yule mama hana kitu, alikuwa ananitisha. Nikachukua dola 140 zilizokuwa katikati. Mwenye nyumba akauliza Salehe kasema nini, nikamjibu tulikuwa tunaongelea mpira. Akasema kwa upole kwamba karata zikiwa zimegawiwa tuongee Kiingereza. Hapo jamaa mmoja mwenye kofia akaanza kukiiga Kiswahili chetu kwa sauti za ajabu ajabu, wawili watatu wakacheka. Iliniuma.

La pili ndilo limeleta kisanga. Kuna mzee pale, mwalimu mstaafu, jirani wa mwenye nyumba. Anapanga chipu zake, vile vidude tunavyochezea badala ya pesa, kumi kumi kama mwenye duka, na hana maneno. Ilikuwa Ijumaa nyingine, mezani kulikuwa na kingi, nane mbili, tatu na esi. Mimi mkononi nina esi mbili, yaani nilikuwa na esi tatu na nane mbili. Ni mtu mwenye nane mbili zilizobaki tu ndiye angenishinda. Mzee akasukuma chipu zake zote, dola 85. Nikajua nimemshika. Nikaanza kuguna, nikahesabu chipu zangu mara mbili, nikatazama dari, nikamwambia, "Sijui, mzee wangu, naona umenikamata." Ikafika kama dakika tatu. Kisha nikalipa. Akafunua kingi na nane: nane tatu, kingi mbili. Mkono mzuri kweli. Akanitazama, nikatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Akatabasamu, akaanza kuzivuta chipu kwake. Nikamwacha avute. Zilipofika kifuani kwake ndipo nikabamiza esi ya kwanza mezani, nikasubiri kidogo, nikabamiza ya pili. Salehe akaruka juu kwa kicheko.

Hakucheka mwingine yeyote. Mzee alizirudisha zile chipu kwangu kwa mikono miwili, akachukua koti lake, akasema "Umecheza vizuri," akaondoka.

Siku mbili baadaye mwenye nyumba akaniandikia kwamba mimi na Salehe tupumzike kwa sasa. Salehe anasema huo ni ubaguzi, na kwamba wachezaji wakubwa tunaowaona YouTube wanafanya mabaya zaidi. Anataka tuanzishe meza yetu ya Waswahili watupu, yeye akate dola 5 kwenye kila dau za kununulia mchele wa pilau. Mimi sina amani. Mwezi wa tano Mmarekani mmoja alifukuzwa pale kwa kumtupia karata usoni aliyekuwa anagawa, kwa hiyo najua wana misimamo yao. Lakini pesa sikuiba, karata zilikuwa zangu. Je, nimeonewa? Kama nimekosa, nimekosa nini hasa? Nizirudishe hizo pesa?

Mgosi, Houston

*

Marahaba, Mgosi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale pale: mkono wa yule mzee uko juu ya chipu, anazivuta kifuani, na wewe unamtazama huku esi mbili zimelala kifudifudi mbele yako. Nimegawa karata miaka tisa kwenye kasino moja ya Dar es Salaam kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kuandika. Nimeona watu wakipoteza mshahara wa mwezi kwa karata moja, wakasimama wakapeana mikono. Nimeona pia mtu mzima akitokwa na machozi kwa shilingi elfu ishirini, kwa sababu aliyemshinda alimfanyia hicho ulichokifanya wewe.

Kitendo hicho wachezaji wana jina lake, slo-roli. Maana yake ni kuchelewa makusudi kufunua karata unazojua zimeshinda, ili mwenzako aamini kwa muda kwamba kapata yeye. Hakuna kanuni inayokunyang'anya pesa kwa kufanya hivyo, na ndiyo maana unaona umeonewa. Lakini waulize wacheza poka wa nchi yoyote wakutajie ufidhuli mkubwa kuliko wote wa mezani usiokuwa wizi. Wengi watakutajia huo.

Nikueleze kwa nini, maana naamini hukujua. Poka ni mchezo wa kufichana, na uongo ndani yake ni halali. Yule nesi alikudanganya kwa dola 60 na hakuna aliyemlaumu. Ila uongo huo una mpaka wake. Unaruhusiwa maadamu kuna mtu bado ana uamuzi wa kufanya: alipe, apandishe au atupe. Dau la mwisho likishalipwa, hakuna tena cha kuamua, na karata zinatakiwa zilale mezani mara moja. Ulipotikisa kichwa, pesa zilikuwa zako tayari. Kulibaki nini pale cha kushinda zaidi ya moyo wa mzee?

Kuna na lingine hujaligusa. Zile dakika tatu. Meza nzima ilikunyamazia, au siyo? Hakuna aliyekuharakisha, hakuna aliyegonga meza. Hiyo ni heshima ambayo wachezaji humpa mtu aliyebanwa kweli, asiyejua alipe au atupe, kwa sababu kila mmoja wao kesho atakuwa yeye. Wewe hukuwa umebanwa. Uliikopa heshima yao ukamchapa nayo mzee. Nadhani ndiyo maana hata wale waliocheka Kiswahili chenu siku ile, safari hii hawakucheka.

Sasa kijiwe. Sitaki ujisikie vibaya kwa ulikolelewa, mwanangu, maana na mimi ni wa huko. Lakini itazame dhumna vizuri. Mnacheza wanne, wawili kwa wawili, kila mtu kete saba, na zote 28 ziko mikononi. Una mwenzako mbele yako wa kubeba aibu pamoja nawe. Mkifungwa mnainuka wote wawili mnapisha wengine, na mkiwa mmekaa pembeni ni zamu yenu ya kutia maneno. Kibao cha kete pale kinamaanisha "haya, njoo tena." Na mnajuana mpaka majina ya bibi zenu. Mzee wa Houston yuko peke yake, pesa ni zake peke yake, na akishasukuma zote hana pa kuinukia ila mlangoni. Wewe kwake ni kijana aliyekutana naye mara kumi. Kibao kile kile kwake kilisomeka vingine kabisa.

Hilo la Salehe na kopa zake limeniudhi kuliko la mzee. Umeliandika kwa haraka kama kitu kidogo, na swali lako la pesa linahusu hapo hasa.

Tufanye hesabu ambayo Salehe alikufanyia bila wewe kujua. Karata ni 52. Ulikuwa unaziona saba: mbili zako na tano za mezani. Zilibaki 45 usizozijua, na ndani yake kopa kumi, maana tatu zilikuwa mezani. Kopa kumi zinatengeneza jozi 45 ambazo yule mama angeweza kuwa nazo. Salehe alipokwambia mbili alikuwa nazo yeye, zikabaki kopa nane, na nane zinatengeneza jozi 28. Jozi za kuogopa zilipungua kwa zaidi ya theluthi moja kwa sentensi moja, na wewe ndipo ukalipa. Yule nesi alikuwa anacheza na wewe akidhani mko wawili. Mlikuwa watatu.

Tangu 2001 wasimamizi wa mashindano ya poka wana chama chao, TDA, na kanuni zao zinafuatwa sehemu nyingi duniani. Wameandika wazi kwamba karata za mtu huchezwa na mtu mmoja, na kwamba ni marufuku kutaja karata ulizonazo au ulizozitupa wakati mchezo haujaisha. Kwenye meza za umma za Marekani hiyo ndiyo sababu ya kutaka lugha moja karata zikiwa hewani. Houston kwenu kuna Wavietnamu na Wamexico kwa maelfu, na wao pia wakikaa kwenye meza hizo wanaambiwa hivyo hivyo. Karata zikishakusanywa, zungumzeni Kiswahili, Kisambaa, mnachotaka.

Mwenye nyumba alikuuliza swali la kiungwana na ukamjibu mpira. Hapo, Mgosi, ulijua. Mtu asiyejua kosa lake hatafuti mpira wa kujifichia.

Kwa hiyo pesa. Dola 85 za mzee usirudishe hata moja. Ulizishinda kwa karata zako, na ukimpelekea utakuwa umemdhalilisha mara ya pili, umemfanya mtu wa kuhurumiwa. Dola 140 za yule mama ndizo zilizonikosesha raha. Mwambie ukweli, kwamba rafiki yako alikutajia karata alizotupa, ukalipa kwa sababu hiyo, na kwamba unataka kumrudishia. Huenda akakataa. Huenda akakasirika kuliko sasa, maana kwa sasa hajui. Yote mawili uyapokee. Mimi nisingekaa nazo.

Kuhusu ubaguzi sitakudanganya kwamba haupo, na yule jamaa mwenye kofia alikosa adabu. Kumwambia mtu "tumia Kiingereza karata zikiwa mezani" ni kanuni. Kuiga lugha ya mtu kwa sauti za kinyani ni tusi, na mwenye nyumba alitakiwa kulikemea pale pale. Mwambie hivyo. Lakini mwambie siku nyingine, baada ya haya yenu kuisha, usije ukaitumia dhambi ya yule kama mwavuli wa yako. Kuhusu kupumzishwa kwenu, ushahidi umeuleta mwenyewe: mwezi wa tano waliondoa mtu wao kwa kukosa adabu. Tena wewe hukufukuzwa mbele za watu. Umeandikiwa kwa siri, kwa neno "pumzikeni". Huyo ni mtu aliyeacha mlango wazi.

Salehe na YouTube yake nimewasikia. Bila shaka mmemwona mcheza poka Phil Hellmuth, bingwa wa dunia wa 1989, mwenye bangili 17 za ushindi wa WSOP, mashindano makubwa ya dunia ya poka, akisimama na kuwatukana watu kwamba hawajui kucheza. Mwaka 2008 alipewa adhabu ya kukaa nje mzunguko mzima kwa maneno aliyomtolea mwenzake, kisha wakubwa wakaifuta. Mimi bado naona walikosea kuifuta. Mbele ya kamera, kelele zake zina watazamaji wanaozifuata. Kwenye sebule ya mtu anayekuchomea nyama bure hakuna anayezihitaji. Na ukitazama meza hizo hizo kwa makini utawaona wengine saba wamekaa kimya, wanangoja zamu zao, chipu zao kubwa ziko mbele zionekane, na anayeshinda anafunua na kunyamaza. Hao hakuna anayewakatia vipande vya video.

Wazo la meza yenu sina ubaya nalo. Mkiwa wote Waswahili, lugha ya meza itakuwa Kiswahili na hakuna atakayeachwa gizani. Ila kutajiana karata ni marufuku hata hapo, na hizo dola 5 za kila dau mzitoe akilini leo. Sheria ya Texas inawakinga wanaocheza faraghani kama hakuna anayefaidika kwa pesa zaidi ya alichoshinda mwenyewe, na kama wote wana nafasi sawa ya kupata na kukosa. Salehe akianza kukata fungu, hata akiliita la mchele, kinga hiyo inawaponyoka, na nyinyi ni wageni kwenye nchi ya watu. Kila mtu aje na sahani yake ya chakula. Wapo wasomaji watakaoniuliza kwa nini simwambii kijana huyu aache karata za pesa kabisa, na sitabishana na dini ya mtu. Nitasema tu hizo dola 100 ziwe zile ambazo kodi ya nyumba na pesa ya mama Tanga zimeshatoka. Siku zisipokuwepo, usiende.

Sasa uende kwa mzee. Usimtumie ujumbe wa simu. Muombe mwenye nyumba amuulize kama unaweza kupita kwake Jumamosi mchana. Ukifika usianze kumweleza habari za vijiwe vya Tanga, hata kama kila ulichoniandikia ni kweli, maana maelezo marefu yatamlazimisha yeye akufariji wewe. Mwambie: "Ijumaa ile nilijua nimeshinda nikakuacha uamini umeshinda wewe. Ulikuwa ukatili. Naomba radhi." Halafu unyamaze umsikilize. Akitaka kujua mlivyokuwa mkicheza kwenu, atauliza mwenyewe, hao walimu hawaachi kuuliza.

Mkikaa tena meza moja, karata zako zikishinda zifunue hapo hapo, zote mbili kwa pamoja, zilale taratibu. Ngoja zamu yako hata kama umeshaamua kutupa, maana anayetupa kabla ya zamu anamwambia aliye nyuma kitu ambacho hakupaswa kukijua. Na mtu akilipa kijinga akakushinda kwa bahati, usimfundishe kosa lake. Hiyo nayo nimeiona ikivunja meza nyingi.

Salehe msomee jibu hili lote, na pale kwenye kopa soma polepole. Yeye ndiye aliyesema, ila wewe ndiye uliyelipa, na ni wewe uliyemwombea nafasi kwenye nyumba ile. Ukimaliza kwa mzee niandikie alivyokupokea.

Mjomba